Jinsi ya kulitumia tawi la chama cha wauguzi kuisaidia zahanati ya kijijini

Manesi wenzangu, kabla hamjaandika tena kwenye grupu kwamba chama chetu cha wauguzi, TANNA, kinakula ada tu, nisikilizeni kidogo, mimi mwenyewe nilikuwa mlalamikaji mkuu. Nimekaa zahanati moja huko Longido miaka minne kabla sijahamia Arusha mjini, betri ya sola ya chumba cha kujifungulia ikafa, nikawa nazalisha simu nimeing'ata mdomoni tochi inawaka, ukitaka kumwambia mama asukume lazima uongee kwa meno. Nililalamika kwa kila aliyepita. Kilichosaidia ni karatasi moja ya maombi kutoka tawi la chama, na kuiandika sio kazi kubwa.

Kwanza jua mlango wa kugonga. Leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, madai ya mshahara na kesi za kazini peleka TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, TANNA ni chama cha taaluma, yenyewe inahangaika na uuguzi uweje na mgonjwa apate nini. Watu wanapeleka deni la likizo kwa mwenyekiti wa tawi, wakikosa jibu wanajitoa, afu ndo hao wanasema chama hakina kazi.

Pili wapate wa vijijini wenyewe. Matawi yamejaa watu wa hospitali kubwa, huku Mount Meru, Moshi ni Mawenzi na KCMC, wa zahanati humuoni sababu kikao kimeitishwa Jumatano mchana mjini na yeye kituoni yuko peke yake na foleni ya kliniki. Sisi tuliwafuata hukohuko wilayani mwanzo wa mwezi, siku wanazoleta ripoti na kuchukua chanjo, tukakaa mgahawani saa nzima na makulbeksi yao ya chanjo chini ya meza. Nilijifunza mengi hapo kuliko semina yoyote.

Sasa karatasi. Usiandike "hali ni mbaya", kila mtu ana hali mbaya. Fungua kitabu namba 12 cha MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za kituo, hicho ndo cha waliojifungua, hesabu miezi mitatu, wangapi wamejifungua usiku. Kwetu walizidi nusu, na mimi niliyekuwa naandika kile kitabu kila siku sikuwahi kujua! Afu tafuta bei ya betri kwa maduka mawili ya Arusha, ambatanisha. Ukurasa mmoja tu: tatizo, namba, unaomba nini na sh ngapi. Muhuri wa tawi chini, sio jina lako peke yako, maana mtumishi mmoja akilalamika anaitwa msumbufu. Na picha za wagonjwa jamani HAPANA, hata ukiziba macho, kijiji kizima kinamjua kwa shuka lake.

Hapa kwenye muda ndo tulipochemka. Barua ya kwanza tulipeleka Machi, tukaambiwa mpango umeshafungwa mje mwakani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai ila mipango ya vituo inaandikwa miezi ya mwishomwisho wa mwaka wa kawaida uliotangulia, kwa hiyo Oktoba, Novemba barua iwe imeshafika. Anza na mfawidhi, yule mkuu wa kituo, na kamati ya kituo, kopi kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya. Tangu 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kitu kama betri kamati yenyewe ina sauti. Na kwenye kamati wewe usiongee sana, toa namba ukae. Kwetu aliongea mama mmoja kwa Kimaasai, alijifungulia gizani, mwenyekiti akatafsiri nusu akanyamaza, hakuna aliyebisha.

Yanayozidi uwezo wa kituo, kama nyumba za watumishi au nafasi za kusoma kwa walioko pembezoni, yapandishe tawi la mkoa mpaka taifa. Hapo usiende mikono mitupu, WHO mwaka 2021 ilitoa mwongozo wa kuwabakiza wahudumu vijijini na makazi bora yamo, hata vyuo kuchukua vijana waliokulia vijijini imo. Pa kuyasemea ni risala ya Siku ya Wauguzi, 12 Mei, ila ukipanga maombi kumi na nne mgeni rasmi atapiga makofi aondoke. Weka moja, mawili.

Kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, andika tarehe kwenye daftari, wiki mbili zikipita piga simu, na upige tena hata wakikuchoka.

Betri ilifika Agosti, mie nishahama. Niliyemwachia kituo akanipigia video usiku kunionyesha chumba kinavyowaka, nikamwambia vizuri sana, kesho fungua namba 12 uanze kuhesabu, sasa tunakuja kuomba ujengewe nyumba.