Mchezaji akiumia katikati ya mechi: namna ya kupanga upya benchi katika futiboli ya Australia

Huu ni msimu wangu wa tano nikishika ubao wa mabadiliko katika timu ya ridhaa hapa Melbourne. Kazi yenyewe ni kusimama kando ya uwanja na saa mkononi, kujua nani yuko ndani, nani amekaa, na nani aingie sasa. Siku ambayo hakuna aliyeumia, yeyote makini anaiweza. Ugumu huanza pale beki anapokaa chini na kushika nyuma ya paja.

Kwa aliyezoea soka: hapa wanacheza 18 kwa 18, robo nne za dakika 20, na aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Katika ligi kuu, AFL, benchi lilikuwa la watu wanne kwa miaka mingi, na tangu 2021 timu haivuki mabadiliko 75 kwa mechi, bila kuhesabu yale ya mapumziko ya kati ya robo. Ligi za mitaani zina kanuni zake, kwa hiyo soma za ligi yenu kabla ya msimu. Mifano yangu inatumia benchi la wanne.

Hatua ya 1: Kabla ya mechi, hesabu dakika za kupumzika

Wengi huhesabu nafasi: beki ametoka, beki aingie. Mimi nahesabu pumziko. Watu wanne benchini kwa dakika 20 ni dakika 80 za kupumzika kila robo, na hiyo ndiyo akiba yako. Akiumia mmoja, zinabaki 60. Wakiumia wawili, 40. Aliyeumia hajaondoka na nafasi yake tu, amechukua dakika 20 za pumzi za wenzake katika kila robo iliyobaki.

Andika ubaoni nani anakula dakika hizo. Kwangu viungo na mawinga hupata 40, washambuliaji 20, mabeki na raki 20. (Raki ni yule mrefu anayerukia mpira unaporushwa juu kuanzisha mchezo.) Viungo wanapata nyingi kwa sababu ndio wanaokimbia zaidi. Katika ligi kuu, kiungo kukimbia zaidi ya kilomita 12 kwa mechi ni jambo la kawaida.

Hatua ya 2: Mtoe, kisha mfute kwenye hesabu

Kama amegongwa kichwa, hakuna mjadala: anatoka, na wewe huna sauti katika kurudi kwake. Kipimo cha SCAT6 wanachotumia wataalamu wa afya hakifanyiki ipasavyo chini ya dakika 10. Akithibitika kuwa na mtikisiko wa ubongo, mechi yake imekwisha, na katika futiboli ya mitaani mwongozo uliotolewa 2024 unamtaka akae nje siku 21 angalau. Usimwulize "unajisikiaje?" mbele ya wenzake. Kijana wa miaka 20 atakujibu yuko sawa.

Majeraha mengine, kama kifundo cha mguu au paja, ndiyo yanayodanganya. Msimu wangu wa pili niliambiwa kiungo wetu mmoja angerudi baada ya dakika tano. Nikamwachia zamu yake, nikawabana wenzake wakimsubiri. Hakurudi. Robo ya mwisho viungo wawili misuli ya shavu la mguu iliwakaza kwa wakati mmoja, tukapoteza mechi tuliyokuwa tukiongoza, na mmoja wao alikosa mechi mbili zilizofuata. Tangu hapo, aliyetoka kwa jeraha namfuta. Akirudi, namhesabu kama mgeni mwema.

Na hakikisha aliyeumia amevuka mstari kabla mwenzake hajaingia. Taharuki ndiyo inayozaa kosa la watu 19 uwanjani, na katika AFL kosa la mabadiliko humpa mpinzani mpira pamoja na kusogezwa mita 50 mbele kuelekea goli lenu.

Hatua ya 3: Gawa upya kulingana na aliyetoka

*Ametoka beki.* Viungo wabaki na dakika 40 zao, washambuliaji na 20. Mabeki waache zamu za katikati ya robo, wapumzike wakati wa mapumziko tu. Wanavumilia, kwa sababu wanakimbia kwa vipindi.

*Ametoka kiungo.* Hapa ndipo pagumu. Usiwaongezee mzigo viungo waliobaki. Chukua mshambuliaji mwepesi au beki wa pembeni, mwingize kwenye zamu za kati, kisha unganisha zamu za washambuliaji na za viungo ziwe foleni moja. Kiungo aliyechoka anaweza pia kupumzikia mbele, kwenye kona karibu na goli, bila kutoka uwanjani.

*Ametoka raki.* Mshambuliaji mrefu ashike kazi hiyo kwa vipindi vifupi, na pumziko lake liwe mbele. Hakuna wa kumpokea akikaa benchini.

Fainali ya AFL ya 2023 inafundisha hapa. Nathan Murphy, beki wa Collingwood, alitolewa robo ya kwanza kwa mtikisiko wa ubongo. Aliyeingia, Patrick Lipinski, si beki, ni mchezaji wa kati na mbele. Ilibidi safu ya nyuma ipangwe upya, na Collingwood wakawafunga Brisbane 90 kwa 86.

Hatua ya 4: Fupisha zamu

Wengi hukosea hapa kwa kudhani benchi likipungua wapunguze mabadiliko. Piga hesabu. Watu wanne wakikaa dakika tano tano, unatumia mabadiliko 16 kwa robo. Watatu kwa dakika tano, 12. Umebakiza manne. Basi wakae dakika nne badala ya tano: mabadiliko 15, na kila mchezaji anasubiri muda mfupi zaidi kabla zamu yake haijafika. Kiungo huharibika zaidi kwa kukaa uwanjani dakika 12 mfululizo kuliko kwa kupumzika dakika nne badala ya tano.

Penye kikomo cha 75, mimi hupanga 17 kwa robo. Saba yanayobaki siyagusi hadi robo ya mwisho, kwa ajili ya jeraha la pili.

Hatua ya 5: Jeraha la pili

Dakika 40 kwa robo. Zote ni za viungo na raki. Mabeki na washambuliaji waambie waziwazi kwamba hawatoki tena, wapange pumzi zao. Kocha naye aambiwe, kwa sababu mchezo wa kukaba uwanja mzima hauwezekani tena.

Hatua ya 6: Baada ya kipenga

Piga picha ubao kabla hujaufuta. Andika nani alibeba dakika za ziada, mpelekee anayesimamia mazoezi jioni hiyohiyo. Kiungo aliyecheza dakika 74 badala ya 62 zake za kawaida, Jumanne atembee na kujinyoosha, asikimbizwe.