Kopo moja, kapasita nne

Lile kopo la alumini lililosimama juu ya chasi ya Dynaco Stereo 70, amplifaya ya valvu (mirija ya kioo ya kukuza umeme wa sauti) iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1959, lina kapasita nne, yaani vihifadhi umeme, tumboni: moja ya maikrofaradi 30 na tatu za 20, zote za volti 525. Kila chanya ina kijiguu chake cha kuunganishia nyaya. Hasi ni moja tu, nayo ni kopo lenyewe. Likichakaa, hivi ndivyo unavyolibadilisha.

Chomoa plagi. Kapasita hubaki na umeme, kwa hiyo uutoe kwanza: chukua rezista (kipunguza mkondo wa umeme) ya kiloomu 10, wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, uiunganishe kati ya kopo na kijiguu kimoja kwa sekunde kumi, kisha kingine, hadi vyote vinne. Pima kwa mita uhakikishe umeme umeisha. Mimi nilikuwa natumia bisibisi badala ya rezista, mpaka siku cheche ilipong'ata ncha yake na mkono wangu ukatetemeka hadi jioni.

Piga picha kabla ya kulehemua chochote. Pembeni mwa vijiguu utaona alama: nusu duara, mraba, pembetatu, na kimoja hakina kitu. Maana ya kila alama imeandikwa ubavuni mwa kopo. Soma ya kopo la zamani, soma na ya kopo jipya. Mara ya kwanza mimi nilifuata nafasi: cha kushoto nikakirudisha kushoto. Kumbe kopo jipya lilikaa limezunguka robo. Rezista ya kiloomu 22 ikaangukia kijiguu kisicho chake, valvu ndogo za mbele zikakosa umeme, chaneli zote mbili kimya. Nilitafuta kosa siku mbili, nikizilaumu valvu.

Ujue kijiguu ni kituo: hapo hukutana koili ya kuchuja, rezista ya kiloomu 6.8 na ile ya 22. Kwa hiyo hamisha kituo kizima na vyote vinavyoning'inia, kimoja ukimaliza ndipo uende kingine. Waya wa hasi urudi kwenye sikio lile lile la kopo ulikotoka. Ukiuhamishia popote kwenye chasi, mngurumo utausikia hata sauti ikiwa chini.

Kuna wanaopenda kuongeza ukubwa wa kapasita ili mngurumo uishe. Lakini rektifaya ya GZ34, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, haitaki kapasita ya kwanza izidi maikrofaradi 60. Ukiliacha kopo la zamani kama pambo na kuficha kapasita mpya chini, kata nyaya zake zote za chanya. Bovu likibaki sambamba na zima, litavujisha umeme kama kawaida yake.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 100, ya nyuzi, iliyounganishwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Iking'aa kisha ikafifia, kapasita zinajaa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima, rudi kwenye picha yako.