Mtoto keshapita miezi sita, sasa anyonye mara ngapi?

Hili swali kina mama wengi huku kwetu Malindi wanauliza, na ukiuliza watu watatu utapata majibu manne, bibi atakwambia mtoto anyonye kila akilia, jirani atakwambia ameshaanza uji mpunguzie, na shangazi wa Lamu atapiga simu aseme mnyime usiku atakuharibia usingizi. Mimi nakwambia hivi shoga yangu, usianze na kuhesabu mara. Anza na umri wa mtoto na anachokula, manake maziwa ya mama wa mtoto wa miezi saba hayafanyi kazi ile ile na ya mtoto wa mwaka na nusu.

Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku usiku na mchana, hiyo mnaijua. Akifika miezi sita maziwa peke yake hayatoshi tena, sana sana kwa sababu ya madini ya chuma, ile akiba aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua na maziwa yana chuma kidogo. Lakini hapa ndipo watu wanapokosea, wanaanza uji alafu titi linageuka la kubembelezea tu. Kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama bado yanampa mtoto nusu ya nguvu anazohitaji au hata zaidi, na kutoka mwaka mmoja hadi miwili yanampa kama thuluthi moja. Kwa hivo chakula kinaongezwa juu ya maziwa, hakiji kuyafukuza.

Miezi 6 hadi 8: titi kwanza, chakula baadaye. Akiamka mnyonyeshe, ukae nusu saa hivi au zaidi umpe uji wa wimbi mzito (sio ule wa kunywesha kama maji, huo unajaza tumbo tu), au viazi vitamu vilivyopondwa na samaki alotolewa miiba yote, au kunde zilizopondwa zikalainika kabisa. Milo 2 hadi 3 kwa siku inatosha. Kunyonya watoto wengi wa umri huu wanakwenda mara tano sita kwa siku, wengine zaidi, na akitaka zaidi mpe, hakuna ubaya.

Kuanzia miezi 9 unaweza kuanza kugeuza kidogo kidogo, chakula mbele titi nyuma, milo 3 hadi 4 na kitu kidogo katikati, embe likiwa msimu, ndizi, parachichi, yai. Akivuka mwaka anakula chakula cha nyumbani pamoja nanyi, mtolee wake kabla hujatia pilipili na chumvi nyingi, na kunyonya kunashuka kwenyewe, wengi asubuhi, akilala mchana, magharibi na usiku. Asali usimpe kabla ya mwaka hata kama ni ya kulamba tu kidogo, na maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu nayo yangoje mwaka. Na chai jamani. Najua mahamri na chai ni tamu na mtoto anaangalia mdomo wako, lakini chai inazuia mwili kuchukua chuma, mpe kipande cha mahamri bila kuchovya ikibidi.

Utajuaje amenyonya ya kutosha ikiwa huhesabu? Angalia mkojo, daipa ziwe zinalowa vizuri mchana kutwa na mkojo usiwe wa manjano iliyokolea. Angalia kama anacheza. Alafu kile kitabu cha kliniki, wengi wetu tunakwenda mpaka chanjo ya surua ya miezi 9 basi kitabu kinalala kabatini hadi ile ya miezi 18, na katikati hakuna anayejua kilo zinakwendaje. Mpeleke apimwe, mstari ukipanda sawa mambo ya mara ngapi hayakuhusu, ukilala au kushuka miezi miwili ongea na muuguzi, usingoje.

Wakati wa kaskazi joto likizidi atataka titi kila mara na watu watasema maziwa yamekauka. Hayajakauka, ana kiu tu! Maziwa yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji. Mnyonyeshe, na kwa vile keshapita miezi sita mpe pia maji yaliyochemshwa kwa kikombe, hasa nyinyi mnaotumia maji ya kisima. Chupa mimi siipendi, kuiosha ikaisha harufu ni kazi, kikombe kinaoshwa dakika moja.

Usiku sasa. Mtoto wa miezi saba minane kuamka mara moja mbili kunyonya ni kawaida kabisa, na homoni inayotengeneza maziwa huwa juu usiku, kwa hivo ukimkatia usiku mapema maziwa ya mchana nayo yanaweza kupungua, mwili unatengeneza kwa kadiri ya kinachotolewa. Akivuka mwaka na anakula vizuri mchana, hapo ukitaka kupunguza usiku punguza, taratibu.

Kwa mnaofanya kazi, wale wa mahotelini au unayevuka kila asubuhi Lamu hadi Mokowe, nyonyesha kabla hujatoka na ukirudi tu, na katikati ukamue. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje saa 4 kama ni nyuzi 25, lakini chumba chetu cha mchana kinapita hapo kwa hivo usiyaweke nje kabisa, tia kwenye kisanduku cha baridi (kula boksi) chenye barafu, humo yanafika saa 24, friji siku 4. Umeme ukikatika kila saa usiitegemee friji hiyo. Na ujue Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, omba kwa adabu lakini omba.

Akiharisha au akiwa na homa ongeza kunyonyesha, chakula atakikataa lakini titi mara nyingi halikatai. Kuharisha mpe na ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji safi) na umpeleke hospitali akapate zinki.

Jambo lingine linalosahaulika, kunyonyesha kama uzazi wa mpango kunasaidia miezi sita ya kwanza tu, tena mtoto asiwe anapewa kitu kingine na hedhi iwe haijarudi. Baada ya hapo tafuta njia nyingine. Na ukishika mimba si lazma umtoe mtoto kwenye ziwa ati maziwa yameharibika, hayajaharibika, kama mimba haina matatizo endelea, ila kula vizuri zaidi na umwambie mkunga wako.

Ukifika wakati wa kuachisha, na miaka miwili ndiyo wanayopendekeza madaktari na ndiyo iliyotajwa kwenye Qurani kwa mwenye kutaka kutimiza, achana na shubiri na pilipili kwenye chuchu. Toa mnyonyo mmoja, anza na ule wa mchana asiojali sana, kaa kama wiki ndio utoe mwingine, wa usiku uwe wa mwisho. Titi likijaa likauma kamua kidogo tu lilegee, usilimalize, ukilimaliza litajaza tena.