Kumtunza pogona: anza na taa, chakula kifuate

Pogona, yule mjusi mwenye ndevu za miiba kutoka maeneo makavu ya katikati ya Australia, siku hizi amejaa majumbani Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na nyumba za Waswahili huko hazijabaki nyuma. Mtoto anamwona dukani, anampenda, baba anakubali, na siku chache baadaye nyumba nzima inaulizana anakula nini. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wanyama hapa Uingereza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mijusi, nyoka na kobe. Ukiniuliza habari za chakula, nami nitakuuliza kwanza umemwashia taa gani. Pogona wengi wanaoletwa kwetu wakiwa hoi walikuwa wakila vizuri tu. Walichokosa ni mwanga na joto la kukifanya chakula hicho kiwafae.

Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kuuzwa nje kibiashara, kwa hiyo pogona wako amezaliwa mikononi mwa wafugaji. Mwili wake, hata hivyo, bado unadai jua la jangwani.

Hatua ya 1: Taa ya UVB

Mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inapopiga ngozi ya pogona, mwili wake hutengeneza vitamini D3. Bila D3, kalsiamu iliyomo kwenye chakula inapita tumboni na kutoka na kinyesi. Mwili ukiikosa, unaanza kuichota kwenye mifupa.

Mama mmoja aliwahi kuniletea pogona mchanga ndani ya boksi la viatu. "Dada, huyu anakula nyenje kila siku, mbona hawezi kusimama?" Nilimgusa taya la chini kwa ncha ya kidole, likabonyea. Vidole vya miguu ya nyuma vilikuwa vinatetemeka vyenyewe, na mkia ulikuwa na kona mbili ambazo hazikupaswa kuwapo. Ni sawa na matege tunayoyajua kwa watoto wasiopata jua. Nyumbani taa ilikuwepo, tena inang'aa, lakini ilikuwa ya joto tu, haitoi UVB hata kidogo.

Nunua taa ndefu ya mrija aina ya T5, yenye UVB ya asilimia 10 hadi 12, inayofika angalau nusu ya urefu wa tangi, yaani sanduku analoishi. Balbu ndogo za kujisokota usizichukue, mwanga wake hauenei. Taa ya asilimia 12 ikifungwa ndani ya tangi bila wavu mbele yake, iache kati ya sentimita 30 na 40 juu ya mgongo wa mjusi pale anapoota joto. Wavu hupunguza sana mionzi, na kioo huizuia karibu yote, kwa hiyo kumweka dirishani hakusaidii. Washa saa 10 hadi 12 kwa siku, usiku zima kila kitu.

Halafu andika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito kwenye mrija wenyewe. UVB huisha kabla ya mwanga unaoonekana, na jicho lako haliwezi kukuambia. T5 ibadilishe kila baada ya miezi 12, hata kama bado inawaka vizuri.

Hatua ya 2: Joto

Pogona hajitengenezei joto la mwili. Akiwa wa baridi, chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Chini ya taa ya joto, juu ya jiwe au gogo analolalia, pafike nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Upande wa pili wa tangi uwe nyuzi 22 hadi 26, ili achague mwenyewe. Usiku joto likishuka hadi 20 hadhuriki. Pima kwa kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, upime uso wa jiwe wenyewe, maana vile vya kubandika ukutani hudanganya. Ukimwona amepanua mdomo akiwa chini ya taa, usiogope, anapunguza joto.

Tangi la pogona mkubwa lisipungue urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60. Chini tandika vigae au karatasi. Mchanga, hata ule unaouzwa kwa jina la mchanga wa kalsiamu, naukataa kwa wanyama wachanga na kwa wagonjwa, kwa sababu wanaumeza na unawaziba utumbo.

Hatua ya 3: Wadudu

Pogona mchanga anayekua hula wadudu zaidi, majani kidogo. Akishafika mwaka mmoja hivi, geuza: majani yawe kama robo tatu ya chakula chake, na wadudu mara mbili au tatu kwa wiki. Hapo ndipo wazazi wengi wanashindwa, kwa sababu mjusi akikimbiza nyenje watoto wanafurahi, na majani hayana mbwembwe. Lakini mkubwa anayelishwa wadudu kila siku ananenepa mpaka ini linajaa mafuta.

Nyenje, nzige wadogo na mende wa dubia ndio chakula cha kila mara. Funza wa nzi chuma (black soldier fly) ni wazuri sana, kwa kuwa wamebeba kalsiamu nyingi miilini mwao. Funza wanene wa nta ni mafuta matupu, mpe kwa nadra. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya pogona. Pogona mchanga mlishe mara mbili au tatu kwa siku, dakika 10 hadi 15 ale anachoweza, kisha toa waliobaki. Nyenje akiachwa tangini usiku humng'ata mjusi aliyelala.

Wadudu wenyewe walishe kwanza. Siku nzima kabla ya kuwatoa, wape karoti, majani na viazi vitamu, maana kilichomo tumboni mwao ndicho atakachokula pogona. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, tikisa, mpe. Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mwili wa pogona unahitaji kinyume chake, takriban kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Kwa wachanga pakaza unga karibu kila mlo wa wadudu. Wakubwa inatosha mara chache kwa wiki. Vitamini mchanganyiko mara moja kwa wiki, usizidishe, kwani vitamini A ikipita kiasi ni sumu.

Wadudu wa bustanini usimpe, huenda wamepuliziwa dawa. Na ninyi mlioko Marekani, tafadhali sikieni hili: kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua pogona mkubwa, tena kwa muda mfupi. Watoto wanaowakamata jioni za kiangazi waambiwe mapema.

Hatua ya 4: Majani

Sukuma wiki ndiyo rafiki yenu, na wengi mnayo jikoni tayari. Changanya na dandelioni, lile gugu lenye ua la njano linaloota kwenye nyasi kote Ulaya, majani na maua yote yanalika, ilimradi pasiwe mahali palipopuliziwa dawa. Boga lililoparuzwa linapendeza kwa rangi yake. Papai au embe, kipande kidogo mara moja moja. Kata vipande vidogo, weka asubuhi, nyunyizia maji kidogo.

Mchicha na spinachi zina oksaleti inayoishika kalsiamu isifyonzwe, kwa hiyo zisiwe chakula cha kila siku. Parachichi ni sumu kwake. Kisamvu kibichi usithubutu, kina sianidi. Letusi nyeupe ni maji tu.

Akikataa majani, mpe majani kwanza asubuhi akiwa na njaa, wadudu wasubiri hadi mchana. Huchukua wiki kadhaa, usikate tamaa. Mlo wa mwisho uwe angalau saa moja au mbili kabla ya kuzima taa.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa kila wiki

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, na daftari. Pogona mchanga mpime kila wiki, mkubwa kila mwezi. Mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 300 na 500, lakini ninachojali zaidi ni mwenendo: akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, usingoje.

Siku ya kupima, angalia pia macho kama yamedidimia, taya kama ni gumu pande zote, ncha za vidole na mkia kama kuna ngozi kuukuu iliyokwama, maana ikikaza hukata damu na kidole kikafa. Kinyesi kiwe cha kahawia pamoja na kipande cheupe. Kipande hicho kikiwa cha njano au rangi ya chungwa, hanywi maji ya kutosha.

Majira ya baridi mkubwa anaweza kulala wiki kadhaa bila kula. Ni jambo la asili kwa aliyenona, aliyepimwa kinyesi na kuonekana hana vimelea. Wa chini ya mwaka mmoja asiachwe alale hivyo.

Hatua ya 6: Mikono

Pogona mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonella, bakteria wanaowaharisha watu. Mwaka 2014 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilihusisha mlipuko wa salmonella aina ya Cotham na pogona wa kufugwa, na zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa watoto wa miaka mitano kushuka chini. Nawa kwa sabuni kila baada ya kumshika. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na asitembezwe mezani. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga au bibi mgonjwa, nashauri msimchukue kabisa.

Hatua ya 7: Daktari

Mtafute mapema daktari anayewajua wanyama watambaao, kwa sababu wa mbwa na paka wengi hawajasomea. Mpeleke akitetemeka, akiburuta miguu, akihema kwa mdomo wazi akiwa mbali na taa, akipata mabaka ya njano yenye magamba kwenye ngozi, akiharisha, au jike akichimbachimba kwa siku kadhaa asitage. Jike hutaga hata bila dume, na mayai yakikwama anakufa.

Mje na kinyesi kibichi kwenye mfuko safi, daftari la uzito, picha ya tangi zima, na jina la taa pamoja na tarehe mliyoiandika kwenye mrija.