Kujifunza Sanaa na Usanifu kwa Hazina za Makumbusho Mtandaoni

Watu wengi hukutana na sanaa kwenye intaneti kwa bahati tu: picha inapita katika mtandao wa kijamii, inapendwa kwa sekunde chache, kisha inafunikwa na nyingine. Utazamaji wa namna hiyo una raha yake, lakini hauachi elimu kubwa, kwa sababu anayechagua kinachofuata si mtazamaji bali programu iliyotengenezwa ili asiondoke. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine: kuchukua kazi moja au swali moja, kulifuata katika tovuti za majumba ya makumbusho yenyewe, na hatimaye kutengeneza kitu kwa mikono yako kutokana na ulichokiona. Kinachohitajika ni intaneti, daftari, na saa moja isiyo na haraka.

Anza na swali, na swali hilo liwe jembamba. Anayeuliza sanaa ya kisasa ni nini atapewa makala elfu moja na hatajua ashike ipi. Anayeuliza mchoraji anafanyaje chumba kionekane kitulivu, au kiti chepesi kinabebaje uzito wa mtu mzima, au kwa nini herufi za aina fulani husomeka kwa urahisi kutoka mbali, tayari anajua atazame nini. Swali likibadilika njiani, liache libadilike, mradi uandike lilivyokuwa mwanzo.

Hatua ya pili ni kwenda kwenye chanzo. Rijksmuseum ya Amsterdam ilifungua hazina yake ya picha za bure mwaka 2012. Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu mwezi Februari 2017 picha zaidi ya 375,000 zitumike bila masharti. Na Smithsonian ya Marekani ilifuata Februari 2020 kwa picha milioni 2.8, zikiwemo za sayansi na historia. Google Arts & Culture, iliyoanza mwaka 2011 ikiwa na majumba 17 tu, ni mlango mzuri kwa asiyejua jina lolote, ila kwa maoni yangu haifai kuwa kituo cha mwisho. Ukipata humo kazi iliyokuvutia, angalia inahifadhiwa wapi, kisha uende kwenye tovuti ya jumba hilo, ambako mara nyingi maelezo ni mapana zaidi na mapya zaidi.

Sehemu inayodai muda zaidi ni kutazama kwenyewe. Chukua mfano wa mchoro wa Vincent van Gogh unaoonyesha chumba chake cha kulala huko Arles, Ufaransa. Upo katika matoleo matatu: la kwanza, la Oktoba 1888, liko Van Gogh Museum mjini Amsterdam, la pili, la Septemba 1889, liko Art Institute of Chicago, na la tatu, dogo kuliko hayo mawili, ambalo aliwachorea mama yake na dada yake, liko Musée d'Orsay mjini Paris. Yafungue yote matatu kwa pamoja, na kabla ya kusoma maelezo yoyote andika tofauti unazoziona: nyuso zilizo katika picha zilizotundikwa juu ya kitanda, rangi ya sakafu, namna brashi ilivyopita kwenye mbao. Baada ya hapo nenda kwenye tovuti ya barua za mchoraji huyo, iliyofunguliwa mwaka 2009 ikiwa na barua 902 pamoja na michoro iliyomo ndani yake, utafute barua aliyomwandikia mdogo wake Theo katikati ya Oktoba 1888. Humo anaeleza kwamba kuta ni za zambarau hafifu, na kwamba anataka rangi zenyewe zilete wazo la mapumziko na usingizi. Sasa rudi kwenye picha. Kuta ni za bluu. Wataalamu wa uhifadhi wameeleza kwamba nyekundu aliyoichanganya ili kupata zambarau imefifia kwa mwanga kadiri miaka ilivyopita, ikabaki bluu peke yake. Kwa hiyo chumba tunachokiona leo si kile alichokikusudia, na anayejiuliza kama bado kinaleta utulivu ule ule amekwisha kuingia katika elimu ya rangi bila kufungua kitabu cha kiada.

Hapa inafaa kutoa tahadhari kuhusu kioo cha simu au kompyuta. Rijksmuseum iligundua kwamba nakala nyingi za mchoro wa Johannes Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, zilizokuwa zimesambaa mtandaoni, zilikuwa na umanjano usiokuwepo kwenye mchoro halisi, hata baadhi ya wageni wakaona kadi-posta zilizouzwa makumbushoni ndizo zisizo sahihi. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za jumba hilo kutoa picha zake bora bure. Basi usihukumu rangi kwa nakala ya tovuti isiyojulikana, na punguza mwanga wa kioo chako kabla ya kulinganisha. Unapotaka kuona mpigo wa brashi, tafuta picha inayoruhusu kukuzwa: mwezi Januari 2022 Rijksmuseum ilitoa picha ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 uitwao Walinzi wa Usiku yenye pikseli bilioni 717, ambayo humwezesha mtazamaji kukaribia mpaka aone nyufa za rangi zisizoonekana kwa anayesimama mbele ya mchoro wenyewe. Usijaribu kuipakua, ikuze humo humo kwenye tovuti, kwani huletwa kipande kwa kipande.

Kila kazi ina ukurasa wake wenye taarifa ambazo wengi huziruka: mwaka, malighafi, vipimo, namba ya usajili, na historia ya umiliki. Vipimo visome kwanza. Picha ndogo kama kiganja na picha yenye upana wa mita nne huonekana sawa kwenye simu, ilhali zilikusudiwa kutazamwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Kata karatasi au weka alama ukutani kwa vipimo hivyo ili uone ukubwa wake. Historia ya umiliki nayo hueleza kazi ilifikaje ilipo. Tovuti ya Digital Benin, iliyofunguliwa mwaka 2022, imekusanya taarifa za vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, ambao mji wake ulivamiwa na kuporwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897, na vitu hivyo sasa vimetawanyika katika majumba 131 ya nchi 20. Humo pia vitu vimepangwa kwa majina yake ya Kiedo, lugha ya ufalme huo, jambo linalomwonyesha mtumiaji jinsi matokeo ya utafutaji yanavyotegemea aliyeandika orodha. Kwa sababu hiyo, neno moja lisipoleta kitu, jaribu jina la malighafi, jina la mbinu, au kipindi cha miaka, na jina la msanii uliandike kwa tahajia ya lugha yake.

Usanifu wa vitu unahitaji utazamaji wa aina nyingine, kwa kuwa kiti au birika halikutengenezwa ili litundikwe ukutani. Tovuti ya Victoria and Albert Museum ya London na ile ya Cooper Hewitt ya New York zinafaa sana kwa kazi hii. Chagua kitu kimoja, tafuta picha zinazoonyesha nyuma na chini yake, kisha kwa kutumia vipimo vilivyoandikwa ukichore kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, ukipunguza ukubwa mara kumi. Penseli itakapokwama kwenye kiungo usichokielewa, hapo ndipo mahali pa kuchunguza. Kwa upande wa herufi, Google Fonts hutoa fonti nyingi za bure: panga aya moja ileile kwa fonti mbili, uichapishe kwa ukubwa mdogo, na uone ni ipi inayochosha macho mapema.

Picha usiyoijua asili yake ifanyie utafutaji wa kinyume, yaani pakia picha yenyewe kwenye injini ya kutafutia badala ya maneno. Siku hizi ambapo picha zilizotungwa na akili mnemba husambazwa kwa majina ya wachoraji mashuhuri, kazi isiyo na jumba la kuhifadhi, namba ya usajili wala vipimo ni ya kutiliwa shaka mpaka chanzo chake kipatikane.

Kabla ya kutumia picha ya mtu katika kazi yako, soma leseni. Alama ya CC0 ina maana kwamba unaweza kuikata, kuibadilisha na hata kuiuza bila kuomba ruhusa. Alama nyingine za Creative Commons, shirika linalotunga leseni hizi, hudai umtaje mwenye kazi au hukataza biashara. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo kazi za Pablo Picasso, aliyefariki mwaka 1973, zitalindwa huko mpaka mwisho wa mwaka 2043, hata kama picha zake zimejaa kila mahali.

Ukishapata picha iliyo huru, itumie kutengeneza kitu. Programu ya Krita inafaa kwa uchoraji, Inkscape kwa michoro ya mistari na nembo, GIMP kwa kuhariri picha, na Blender kwa maumbo ya pande tatu. Zote ni za bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Usijifunze programu nzima kwanza. Rudi kwenye chumba cha Van Gogh, chukua toleo la Chicago, na katika GIMP jaribu kuzirudishia kuta ile zambarau hafifu kwa kufuata maneno ya barua, ukiacha sakafu na kitanda vilivyo. Hifadhi kila jaribio kwa jina lake, na chini ya lile utakalolionyesha watu uandike jina la msanii, jina la kazi, mwaka, jumba linaloihifadhi na namba ya usajili, pamoja na kile ulichokibadilisha wewe.