Kulala Hemani Kisiwani Mbudya: Tazama Mwezi Kabla ya Kufunga Mizigo

Mkazi wa Dar es Salaam anayetamani kulala hemani kando ya bahari hana haja ya kusafiri mbali, kwa kuwa mbele ya Kunduchi kipo kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kimekuwa eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Mwendo wa boti ya injini kutoka Kunduchi ni kama robo saa tu. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi: huchukulia safari kama matembezi ya Jumapili, wakabeba hema na nyama ya kuchoma, wasijiulize maji yatajaa saa ngapi.

Jambo la kwanza kupanga, basi, ni tarehe, na tarehe hupangwa kwa mwezi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anaweza kukadiria bila jedwali lolote kwamba bamvua huangukia karibu na tarehe 1 na 15, na maji mafu siku chache baada ya tarehe 7 na 22. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hiyo ya alfajiri ndiyo saa ile ile ambayo aliyelala hemani amezama usingizini. Mimi mwenyewe niliamshwa na maji yaliyoingia chini ya godoro usiku wa mwezi mpevu, baada ya kulipiga hema langu jioni mahali palipoonekana pakavu kabisa. Tangu hapo naona kwamba anayekwenda kwa mara ya kwanza achague maji mafu, hata kama atakosa mbalamwezi nzuri.

Msimu nao una neno lake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa kulala nje, na kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka bahari huchafuka kiasi cha kuifanya safari ya boti ndogo kuwa ya mashaka. Kipindi cha kaskazi, hasa Januari na Februari, bahari huwa na utulivu zaidi ingawa joto la usiku ni kali. Kwa vyovyote vile, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla, na ikitolewa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha.

Kwa kuwa kisiwa ni hifadhi, mgeni hulipa ada, na anayetaka kulala aulize mapema kuhusu kibali na malipo ya usiku, badala ya kungoja aulizwe na askari wa hifadhi jioni boti zikiwa zimekwisha kuondoka. Nahodha naye mwelezane wazi kwamba hamrudi siku hiyo, mbadilishane namba za simu, na mkubaliane saa ya kuwafuata. Kila abiria avae jaketi la kuokolea. Nahodha asiyekuwa nayo ya kutosha, mwache, tafuta mwingine.

Kisiwani hakuna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Dumu moja la lita 20 huwatosha watu wawili kwa usiku mmoja, kwa kunywa, kupika na kujisuuza chumvi kidogo. Mchana hupatikana samaki wa kukaanga na chipsi, lakini chakula cha usiku na cha asubuhi ni vyema mje nacho, pamoja na jiko la mkaa na mkaa wake, kwa sababu kukata matawi ya miti ya hifadhi hakuruhusiwi. Chukueni pia tochi, dawa ya mbu, mkeka, na viroba vitupu vinne au sita, ambavyo matumizi yake nitayaeleza.

Mkifika, tafuteni ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji. Wengi hupiga hema hatua mbili juu yake wakidhani wamesalimika, ilhali mstari huo unaonyesha tu maji yalipofika mara ya mwisho. Ikiwa bamvua linakaribia, maji ya usiku yatapanda zaidi ya hapo. Sogeeni juu hadi penye majani yanayoota ardhini, mbali na tawi lolote kavu. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani, kwa hiyo jazeni viroba mchanga, vifungeni kamba za hema, kisha vifukieni. Mlango uelekezwe upande usiopigwa na upepo, na jiko liwekwe mbali na majani makavu ya mivinje, ambayo hushika moto upesi sana.

Maji yakipwa, anayetembea kwenye kina kifupi avae viatu na aburute miguu, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejificha mchangani apate kuondoka kabla ya kukanyagwa. Matumbawe yasiguswe, na kombe zibaki zilipo. Takataka zote, hata majivu yaliyokwisha kupoa, zirudi mjini ndani ya viroba vile vile.

Saa ya kuondoka nayo hutegemea maji. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 au 5 asubuhi, boti ikalazimika kusimama mbali na mizigo ikabebwa kichwani majini, kwa hiyo mwambie nahodha aje kabla ya saa 2. Hema likifika nyumbani, lisuuzwe kwa maji baridi na lianikwe kivulini, hasa zipu zake, kwani chumvi huzila haraka.