Kuzima chokaa: kwa nini pipa huchemka bila moto

Kila nyumba ya Mji wa Kale wa Lamu inapotengenezwa, naulizwa upya kwa nini chokaa huchemka bila kuni inapozimwa, yaani inapochanganywa na maji. Naandika mara moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Vaa miwani ya kazi, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Weka pipa la chuma uwanjani, mbali na watoto. Tia maji kwanza, ndoo tatu kwa ndoo moja ya chokaa iliyotoka tanurini.

Hatua inayofuata ndiyo niliyoikosea. Chokaa hutiwa ndani ya maji, koleo moja moja, huku ukikoroga kwa mti mrefu. Maji hayamwagwi juu ya chokaa. Mimi nilimwaga maji kidogo juu ya vipande vilivyokuwa katika ndoo ya plastiki, na nilipoona kimya nikadhani chokaa imekufa, nikainama kuitazama. Kumbe vipande vilivyoungua kupita kiasi huchelewa kunywa maji. Vilichemka ghafla, uji wa moto ukanirukia mkononi, na ndoo ikalegea. Usiinamie pipa hata likiwa kimya. Chokaa ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali hata maumivu yakitulia.

Likishapoa, chekecha, ufunike kwa maji.

Swali: Sina pipa. Sufuria ya jikoni itafaa?

Jibu: Haifai. Chokaa huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka.

Swali: Nimemwaga maji juu yake na sioni kitu. Niongeze?

Jibu: Ondoka hapo kwanza, kisha usome aya ya tatu.

Swali: Samahani mwalimu, joto hilo lilikuwa wapi?

Jibu: Umeuliza jambo la maana, mwanangu. Tanuri hulichoma tumbawe kwa nyuzi 900 hivi, likatoa kaboni dioksidi na kuhifadhi sehemu ya joto. Maji yakiungana na chokaa, takriban theluthi ya joto lililotumika kulivunja jiwe hurudi kwa dakika chache: kilo moja ya chokaa safi hutoa kilojuli 1,150 hivi, zinazotosha kuchemsha lita 3 za maji. Kinachobaki hurudi polepole ukutani, miezi mingi, chokaa inapovuta kaboni dioksidi hewani na kuwa jiwe tena.

Swali: Gunia langu la mwaka jana halikupata joto hata kidogo.

Jibu: Limeshazimwa na unyevu wa bahari, dada. Safari nyingine izime chokaa ikiwa mpya, uihifadhi chini ya maji. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na fundi wa lipu atakushukuru.